Kifua Kilichomsengenya Shangazi

Naomba niseme mapema kwamba makala haya si fatwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa masomo ya Kiislamu hapa Mbale, na ninaandika kwa sababu niliwahi kujibu swali kama vile mimi ni mufti, na aliyeniuliza akaishia kulazwa hospitali.

Aliyeniuliza ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, kama sisi sote katika ukoo wetu, lakini sasa ni miaka mingi anaishi Rotterdam, Uholanzi, karibu na mwanawe. Ana maradhi ambayo madaktari huyaita moyo kushindwa kufanya kazi. Jina hilo linapotosha kidogo, maana moyo haujasimama. Umedhoofika tu, hausukumi damu inavyotakiwa. Damu inayochelewa kuondoka hurundikana nyuma, maji yakavuja kutoka kwenye mishipa, yakaingia mapafuni na kushuka miguuni. Mgonjwa huvimba vifundo, hukosa pumzi akipanda ngazi, na usiku huongeza mito kichwani kwa sababu akilala chali anahisi anazama.

Wala tusidhani haya ni maradhi ya wazee wa Ulaya. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa maradhi haya katika nchi tisa za Afrika, Uganda ikiwamo, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu. Marehemu bibi yangu, mama yake shangazi, alikuwa nayo. Chombo chetu cha kumpimia kilikuwa kidole gumba. Kila jioni mmoja wetu alimwambia, "Bibi, nipe mguu," akambonyeza kwenye muundi, na shimo likibaki tulijua maji yamerudi.

Shangazi yeye anapimwa kwa njia nyingine kabisa. Amewekewa kihisi, kitu kidogo chenye urefu wa kama milimita 15, kilichopitishwa kwa mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni kwenda mapafuni. Huko ndiko kitakakokaa maisha yake yote. Hakina betri. Nguvu yake inatokana na mawimbi ya redio ya mto maalumu wenye antena ndani yake. Kila asubuhi, akishamaliza Alfajiri na nyiradi zake, shangazi hulala juu ya mto huo kwa dakika chache, mto unasoma presha ya ule mshipa, na habari inakwenda hospitali kwa mtandao. Presha hiyo huanza kupanda siku nyingi, pengine wiki kadhaa, kabla mgonjwa hajahisi lolote, hata kabla mizani haijaonyesha kuwa ameongezeka uzito wa maji. Muuguzi akiiona imepanda anapiga simu: ongeza dawa ya kukojoa, punguza hii, njoo Jumatano.

Kwamba jambo hili lina faida, sibishi. Kihisi cha namna hii kilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 550, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Katika miezi sita ya kwanza, waliofuatiliwa kwa kihisi walilazwa kwa ajili ya moyo kwa kiasi cha asilimia 28 pungufu kuliko wenzao. Huko huko Uholanzi utafiti mwingine wa wagonjwa 348, uliochapishwa mwaka 2023, uliona kwamba kulazwa kulipungua na maisha ya kila siku ya wagonjwa yakawa mepesi zaidi. Kwa mtu aliyewahi kukesha ameketi kitini akitafuta pumzi, hiyo ni neema, na neema hushukuriwa.

Sasa nije kwenye kisa.

Siku ya Idi shangazi hakunywa dawa yake ya kukojoa. Wanaoijua dawa hiyo wanaelewa sababu: ukiinywa asubuhi, saa mbili au tatu zinazofuata huachani na choo. Naye alikuwa na sala ya Idi, kisha nyumba nne za kupita kuwapa watu mkono. Mwaka uliotangulia alipatwa na haja akiwa katikati ya safu, ikamshinda, na namna alivyotoka msikitini siku hiyo hakumsimulia mtu. Kwa hiyo mwaka huu akaamua kimya kimya, leo na kesho siinywi. Akala pilau, akala sambusa, akala na ndagala wakavu wa chumvi ambao mtu alimletea kutoka nyumbani. Asubuhi zote alilala juu ya mto wake kama kawaida, kwa sababu hakuona uhusiano. Hakuwa na maumivu yoyote.

Siku ya tatu, nyumba imejaa wageni, simu ikalia. Haikuwa simu yake. Kwa kuwa Kidachi chake ni cha sokoni tu, namba iliyoandikwa hospitali ilikuwa ya mwanawe. Muuguzi, kwa nia njema kabisa, akamwambia binamu yangu kwamba presha ya mama imepanda siku mbili mfululizo, je, anakunywa dawa zake? Amekula nini? Binamu akageuka pale pale mbele ya watu: "Mama, hukunywa dawa ya kukojoa?" Shangazi akasema amekunywa. Binamu akasema mashine inasema hukunywa. (Mashine haikusema hivyo, ilisema presha imepanda, lakini ndivyo habari inavyokua mdomoni.) Mama wa watu, mwenye umri wa kuitwa bibi, akajieleza mambo ya choo mbele ya wakwe.

Usiku ule alinipigia. Sauti yake haikuwa ya hasira. Alisema, "Mwanangu, kifua changu kimenisengenya." Kisha akauliza, "Wewe ndiye unasoma dini. Nikiacha kulala kwenye ule mto, nina dhambi?"

Ndugu msomaji, nilikuwa nimetoka kwenye mtihani wa fiqhi siku chache tu nyuma. Kichwa kilikuwa kimejaa. Nilimrekodia sauti ya dakika nne. Nikamweleza kwamba kwa wanazuoni wengi kujitibu asili yake si wajibu, kwamba ni jambo la ruhusa au la kupendekezwa, na nikampa dalili ya yule mwanamke wa hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, aliyekuwa akianguka kifafa, Mtume (s.a.w.) akamhiyarisha kati ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone, naye akachagua kusubiri. Kwa hiyo, nikahitimisha kwa sauti ya mtu mzima, hakuna dhambi shangazi, uko huru. Akajibu, "Ahsante mwanangu, Allah akulipe."

Akauweka mto chini ya kitanda. Hospitali walipopiga kuuliza mbona habari haziji, alisema mtandao unasumbua. Siku ya kumi na tisa usiku binamu alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza sentensi. Maji yalikuwa yameingia mapafuni. Alilazwa siku sita. Alhamdulillah alitoka.

Binamu hajui mpaka leo kwamba nilihusika. Akisoma haya atajua.

Kosa langu la kwanza ni rahisi kuliona, na ni la kitaalamu. Nilichukua hukumu ya asili nikaiacha bila mipaka yake. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba huko Jeddah mwaka 1992, ilipitisha kwamba kujitibu kunakuwa wajibu pale ambapo kuacha kunapelekea kupoteza nafsi au kiungo, au kunawadhuru wengine. Azimio hilo tumelisoma darasani. Nilikuwa nalo kwenye daftari, kurasa chache baada ya zile nilizokuwa nasoma kwa ajili ya mtihani. Na mwanazuoni yeyote angeniuliza kwanza: huyo mama moyo wake ukoje, na daktari wake anasemaje? Mimi sikuuliza hata swali moja. Daktari asiyejulikana kwa utabibu akimtibu mtu, sheria yetu inambebesha dhamana ya madhara. Sijaona sababu ya kumsamehe mwanafunzi wa dini katika jambo lile lile.

Lakini kosa la pili ndilo linaloninyima usingizi. Niliisoma ile hadithi nusu.

Irudie pamoja nami. Ibn Abbas (r.a.) anamwonyesha mwanafunzi wake Ata bin Abi Rabah mwanamke mweusi, anamwambia huyu ni katika watu wa Peponi. Ni yule aliyemjia Mtume (s.a.w.) akilalamikia mambo mawili: anaanguka, na akianguka mwili wake unafunuka. Akapewa hiyari, akasema atasubiri. Hapo ndipo nilipoishia mimi katika zile dakika nne. Yeye hakuishia hapo. Aliomba jambo jingine: aombewe asifunuke. Na Mtume (s.a.w.) akamwombea hilo.

Tazama alichokubali na alichokikataa. Maradhi aliyakubali. Kufunuliwa mbele za watu hakukukubali, na hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni dogo, kwamba mgonjwa hana haya, kwamba muhimu ni afya. Lilihesabiwa kuwa haja kamili inayojitegemea, na ikaombewa dua yake peke yake.

Shangazi hakuwa ananiuliza kama kujitibu ni wajibu. Alikuwa anaomba sitara. Nami nikampa ruhusa ya kufa.

Tangu hapo nimejaribu kufikiri upya, na swali lililobaki mkononi mwangu si kama kihisi ni halali. Ni halali, sioni pa kukipinga. Swali ni habari zile ni za nani. Mwili ni amana ya Allah kwetu, hilo tunalijua tangu madrasa. Lakini sasa kuna kitu kinachotoka mwilini kabla hata mwenye mwili hajakijua, kinavuka mtandao, kinasomwa na mtu mwingine, kisha kinarudi kwa mwenyewe kikiwa kimepita kwa watoto wake. Ndani ya Surat al-Hujurat tumekatazwa kupelelezana na kusengenyana katika aya moja, na naona si bure kwamba viwili hivyo vimekaa pamoja: anayechungulia kwa kawaida ndiye baadaye anayesema. Mtu anaweza kunijibu kwamba mgonjwa alitia saini, basi hakuna upelelezi. Ni kweli alitia saini. Alimruhusu daktari. Wakwe waliokuwa sebuleni hawakuwamo katika ile karatasi. Mafaqihi wanapomruhusu tabibu kuangalia uchi wa mgonjwa wanasema aangalie kwa kadiri ya haja tu, sehemu inayohitajika na si zaidi. Nadhani namba za presha ya moyo ni uchi wa namna yake. Zinasema ulikula nini na ulificha nini.

Na zinaweza kwenda mbali kuliko sebuleni. Huko Ohio, Marekani, mtu aliyeshukiwa kuchoma nyumba yake mwenyewe alitolewa habari za kifaa kilichokuwa kikiendesha mapigo ya moyo wake, polisi wakazipata kwa amri ya mahakama, na mwaka 2017 jaji akaruhusu zitumike kama ushahidi dhidi yake. Sijui kama alichoma au hakuchoma, na hilo si shauri langu. Ninachojua ni kwamba hakuna mtu anayepanda kitanda cha upasuaji akidhani anaweka shahidi kifuani. Upande wa pili yupo Hugo Campos, Mmarekani aliyewekewa kifaa cha kushtua moyo mwaka 2007, ambaye kwa miaka amepigania kupewa habari za kifaa chake mwenyewe, kwa sababu zilikwenda kwa kampuni na kwa madaktari na yeye hakuwa na njia ya kuzisoma. Wengine wote wanausoma moyo wako, wewe mwenyewe unabisha hodi.

Nilipofika hapa nilidhani nimepata jibu: basi habari apewe mgonjwa mwenyewe, na mambo yaishe. Kumbe walishajaribu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 335 waliokuwa na vifaa vya moyo vyenye uwezo wa kutambua maji yanapoongezeka kifuani. Kwa kundi moja, kifaa kikiona hatari kilikuwa kinalia mle mle mwilini mwa mgonjwa, naye alitakiwa amweleze daktari. Matokeo yalikuwa kinyume cha matumaini: kundi lililosikia mlio lilikwenda kliniki mara nyingi zaidi na kulazwa zaidi kuliko kundi ambalo kifaa kilinyamaza. Fikiria umelala saa nane za usiku, kifua chako kinapiga king'ora. Utafanya nini kama si kukimbia? Na daktari wa zamu, akikuona umekuja na king'ora, atakurudisha nyumbani kwa ujasiri gani?

Kwa hiyo habari tupu haitoshi, hata ikiwa mikononi mwa mwenyewe. Inahitaji mtu wa kuipokea pamoja nawe. Katika ule utafiti wa watu 550, hicho kitu cha milimita 15 hakikumponya mtu. Palikuwa na mtu aliyesoma namba akabadilisha dawa. Na hapa naona wajibu unahama, unamwendea anayeangalia. Ukiomba kuujua moyo wa mtu kila asubuhi, umejitwika deni: umjibu, umjibu yeye, na umjibu kwa namna ambayo haimvunjii heshima.

Deni hilo lina hata saa zake. Shangazi alipokuwa amelazwa aligundua jambo ambalo hakuna aliyemficha, ila hakulielewa mwanzoni: namba zake husomwa siku za kazi, saa za kazi. Jumamosi na Jumapili zinakaa tu zinasubiri. Si mfumo wa dharura, na karatasi alizopewa zilisema hivyo, kwa Kidachi. Yeye miaka yote alikuwa akilala kwa amani akiamini kuna mtu anamtazama usiku na mchana. Aliponiambia alicheka, kisha akasema, "Nilimpa muuguzi sifa ya Mola wangu." Mimi nikasoma vitabu vingapi juu ya muraqaba, na sikuwahi kuliona hilo.

Bibi yetu hakuwa na kihisi, na sitaki kuipamba hali yake. Alikufa na umri ambao kwa matibabu ya kule angeuvuka. Lakini kile kidole gumba kilikuwa na adabu. Kiliomba mguu kwanza, na likionekana shimo, aliyeliona ndiye aliyekwenda jikoni kutoa chumvi kwenye chungu bila kutangaza ukumbini.

Shangazi alipotoka hospitali niliomba anisamehe, nikamweleza ile nusu ya hadithi niliyoiacha. Alinyamaza kidogo, akasema ile nusu ndiyo alikuwa akiitafuta. Wiki iliyofuata akamwomba mkalimani wa simu, mtu baki asiye wa ukoo, akazungumza na muuguzi wake mwenyewe kwa mara ya kwanza bila mwanawe katikati. Akamweleza habari ya msikitini. Yule mama wa Kidachi akashangaa: kwa nini hukusema? Kumbe siku ya shughuli dawa ile angeweza kuinywa alasiri akisharudi nyumbani, daktari alikubali papo hapo. Miaka yote hiyo namba zimesomwa mamia ya asubuhi, na hakuna aliyekuwa ameuliza kwa nini. Wakabadilisha namba ya simu kwenye faili. Sasa presha ikipanda anapata ujumbe yeye, wenye maneno mawili tu ya kumwomba apige, na binamu anaambiwa kile ambacho mama yake ameamua aambiwe. Binamu hakufurahi. Anasema mama akizidiwa usiku yeye ndiye atakayembeba, basi ana haki ya kujua. Nami sina jibu kamili la kumpa, kwa sababu mtoto naye ana haki yake, na hofu ya mtoto si udaku.

Idi ya kuchinja shangazi alisali, akapita nyumba zote, akanywa dawa yake baada ya Alasiri. Asubuhi yake akalala juu ya mto.

Juzi amenipigia tena. Safari hii anataka kujua kama siku akifa kile kitu lazima kitolewe kabla ya kuoshwa, au anaweza kuzikwa nacho. Nilifungua mdomo kujibu, maana nadhani nalijua jibu. Nikamwambia, "Shangazi, nipe wiki moja nimuulize sheikh."

"Wiki moja," akasema. "Usichelewe basi, na mimi nitajitahidi nisichukue njia."